Kutoa ni Moyo, na Anayepokea Je?

Kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hii tunaipenda kwa sababu inamsifu mtoaji. Lakini hivi, ndugu msomaji, umewahi kujiuliza anayepokea naye hutoa nini?

Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Tundu likiwa kubwa, damu nyingi kupita kiasi huenda kwenye mapafu. Mtoto anahema, anatoka jasho akinyonya, uzito hauongezeki. Akicheleweshwa mno, mishipa ya mapafu huharibika, na hapo hata daktari bingwa hawezi tena kuliziba. Kwa mzazi asiye na bima, kila mwezi wa kutafuta fedha ni mwezi unaokatwa kwenye maisha ya mwanawe.

Zamani wengi walipelekwa India. Leo Dar es Salaam tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na wapo wafadhili wanaowalipia watoto upasuaji. Ni jambo jema, nani atabisha? Ila mara nyingi kabla ya kisu huja kamera. Mama anaeleza umaskini wake, mtoto anaonyeshwa kifua wazi, picha inasambaa, watu wanachanga.

Najua jibu la haraka: bila picha hela haiji, na aibu ni nafuu kuliko kaburi. Kweli kabisa. Ningekuwa mimi mzazi, ningekubali kupigwa picha. Lakini mbona mtoto wa tajiri akipasuliwa hatumwoni? Bima yake haidai machozi ya mama. Basi ile picha ni bei, tena anatozwa asiye na kitu. Na mama aliyeambiwa mwanao hana muda, ataweza kweli kusema hapana? Halafu kuna yule ambaye sura yake haikumgusa mtu. Moyo wake una tundu lilelile.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ikitekelezwa sawasawa, mtoto atatibiwa kwa sababu ni mgonjwa, si kwa sababu ametuliza. Hadi hapo tuendelee kuchanga, jamani, ila tuchange bila kudai kuonyeshwa. Risiti ya hospitali inatosha kuthibitisha hela imefika. Mtoto huyu atakua, ataenda shule, atakuwa na simu. Kovu la kifuani ni lake. Aachiwe yeye aamue nani alione.