Mwanafunzi Ajifunzie kwa Saa ya Nani?



Vijana wengi hapa kambini wanatafuta ufundi, na ni jambo jema. Wengine wanashona, wengine wananyoa, wengine wanafungua simu. Wachache wamekaa na mzee wetu fundi saa pale sokoni, wanajifunza kufungua na kusafisha saa za mfukoni, zile za kutiwa ufunguo, zisizojua betri. Katika kazi hiyo limetokea swali ambalo nimeulizwa mara mbili, na pande mbili zisizopatana: mtu ambaye bado hajaijua kazi, ana haki ya kujifunzia kwa mali ya mwenzake?

Mama mmoja mjane alileta saa ya marehemu baba yake, aliyefanya kazi ya reli kule Kalemie. Saa hiyo ilivuka ziwa pamoja naye, imefungwa katika kitambaa. Sasa imesimama. Kijana akamwambia, “Mama, nitakusafishia bure, maana bado najifunza.” Mama akakubali. Majirani wakasema kijana anamdhulumu mjane. Vijana wenzake wakajibu kwamba hakuna aliyelazimishwa, na cha bure hakidaiwi.

Kabla ya kuhukumu, tuangalie kwanza ndani ya saa, kwa maana wengi wetu tunadhani kusafisha saa ni kupangusa vumbi. Ndani mna utepe mrefu wa chuma uliokunjwa katika kipipa kidogo. Ukitia ufunguo unaukaza utepe huo, na nguvu yake hupita kwenye magurudumu ya meno mpaka kwenye gurudumu la mizani, lile linalokwenda huku na huku bila kupumzika. Katika saa nyingi za zamani mizani hupiga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 432,000 kwa siku moja. Mafuta yakizeeka huwa mazito kama gundi, mizani inashindwa, na saa inasimama. Mara nyingi hakuna kilichovunjika.

Kinachovunja ni mkono wa mtu. Mwanafunzi akiondoa vibati vinavyoshika magurudumu kabla ya kuulegeza utepe, nguvu yote hutoka mara moja na meno yanaweza kukatika. Inampasa ashike kitufe cha ufunguo kwa vidole, asukume kile kikomeo kidogo kinachouzuia utepe, kisha akiache kitufe kirudi polepole. Kwenye mizani kuna springi nyembamba kama unywele. Kibano kikiigusa vibaya tu, imepinda, na kuinyosha ni kazi ya fundi mkubwa. Halafu kuna spiriti. Vijana wanaipenda kwa sababu inang'arisha. Lakini katika saa nyingi, vijiwe vinavyopokea meno ya gurudumu vimeshikizwa kwa gundi ya sheleki, na spiriti huiyeyusha sheleki. Anayedhani anasafisha, kumbe anang'oa. Ndiyo maana mzee wetu anatumia benzini safi, tena mbali na jiko na taa, na mafuta anayatia kwa ncha ya sindano, tone ambalo jicho tupu halilioni vizuri.

Sasa angalieni: katika makosa hayo yote, hakuna hata moja linaloonekana kwa nje. Mshono ukienda upande, mwenye nguo atauona. Saa inafungwa kifuniko, inang'aa, na mwenyewe anashukuru na kwenda zake. Kwa hiyo siwezi kuridhika na lile neno “alikubali.” Alikubali nini? Yeye alisikia kusafisha. Hakuambiwa kwamba springi ya baba yake inaweza kupinda isirudi. Tena asiye na pesa ya kumlipa fundi, akiambiwa “bure,” anao uwezo gani wa kukataa? Sisi wakimbizi tunalijua jambo hili. Tumewahi kutibiwa na kuhojiwa na watu waliokuwa wakijaribu kwetu kwanza, kabla ya kwenda kwa wale wanaoweza kulalamika.

Hata hivyo, majirani nao hawana haki yote. Kila fundi alikuwa mwanafunzi, na kama kila mtu ataficha saa yake, mzee wetu atakufa na ujuzi wake. (Nasi tuliopita chuo cha Biblia, mahubiri yetu ya kwanza kuna watu waliyavumilia.) Lazima kitu fulani kiwekwe hatarini. Swali ni cha nani, na jibu langu ni kwamba kisiwe cha yule maskini kuliko wote kwa sababu tu amefika wa kwanza.

Kule Uswisi, Georges Frédéric Roskopf alitoa mwaka 1867 saa ya mfukoni kwa ajili ya wafanyakazi, kwa bei ya faranga 20, akipunguza idadi ya vipande vyake. Badala ya vile vijiwe aliweka vipini vya chuma. Saa za aina hiyo ziliigwa na kutengenezwa kwa wingi. Saa kama hiyo, iliyokufa, ndiyo ya kujifunzia, maana hakuna atakayeililia. Sisi sote tutafaidika kijana akiwa fundi. Basi sisi sote tuchange bei yake. Wazee wa kanisa wamekubali kuagiza mbili mjini.

Hatari nyingine inamhusu kijana mwenyewe. Rangi ya zamani inayong'aa gizani kwenye mishale na tarakimu mara nyingi ina radiamu. Marekani, kuanzia mwaka 1917, wasichana walipaka rangi hiyo wakichongesha brashi kwa midomo. Wengi waliugua mifupa na wengine wakafa, kwa sababu hawakuambiwa. Saa ya namna hiyo vijana wasiikwangue, wala kuipuliza vumbi lake. Anayefundisha anadaiwa ukweli na mwanafunzi kama vile mwanafunzi anavyodaiwa na mwenye saa.

Mzee alipoifungua saa ya mama yule, alituonyesha ndani ya kifuniko cha nyuma alama tatu ndogo zilizokwaruzwa kwa ncha ya chuma. Ni desturi ya mafundi kuandika hivyo kila wanapomaliza kazi, mahali ambapo mwenye saa haangalii, ila fundi atakayekuja baadaye ataona. Mama hakuwa amewahi kuziona. Alielezwa mambo yote niliyoyaandika hapa, akafikiri siku mbili, kisha akasema kijana ataigusa siku ambayo mzee atakaa kando yake.

Kwa sasa saa imerudi kitambaani. Zile mbili zimefika, na kijana ameifungua na kuifunga mojawapo mara saba. Mara ya tano skrubu moja ilibaki mezani.