Kimya cha Nyumbani Hutengenezwa na Nani?

Jioni ya Idi mosi, watoto wamerudi kutoka Mnazi Mmoja. Pesa za sikukuu walizopewa na wajomba na mashangazi zimekwisha geuka firimbi, vuvuzela na pikipiki za plastiki zinazoimba wimbo mmoja tangu betri ikiwa mpya hadi sauti inapoanza kujikokota. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, huo ndio wakati inaposikika sauti ya baba kutoka sebuleni: "Mama watoto, hebu wanyamazishe hao." Mama watoto yuko uani, mikono imo kwenye maji ya sabuni. Kati ya baba na watoto pana hatua chache tu, naye angeweza kuwaambia mwenyewe. Lakini agizo halikwenda kwa wenye kelele. Limepitia kwa mtu wa tatu, ambaye sasa ana kazi mbili. Ni jambo dogo na la kila siku, kwa hiyo hatulitazami. Baba anaomba nini hasa?

Utasema anaomba kimya. Haya, kimya ni nini? Jibu la haraka ni kwamba kimya ni kutokuwapo kwa sauti, hali inayobaki kelele zikiondoka. Maana hiyo inaweza kutosha kwenye nyumba isiyo na watu. Penye watoto watatu na vyumba viwili, kimya hakitokei chenyewe. Lazima mtu akitengeneze: afiche betri, aanze hadithi, agawe kaimati zilizobaki, amtoe mmoja nje, amlaze mwingine, apatanishe wanaogombea firimbi. Nikikitazama hivyo, naona kimya cha nyumbani ni zao la kazi, sawa na wali uliokwisha pakuliwa. Yupo aliyekiandaa na yupo anayekitumia, na mara nyingi hao ni watu wawili. Hata hivyo, tunapotaja kazi za nyumbani, yaani kupika, kufua, kudeki na kuosha vyombo, hii haimo.

Kwa nini haimo? Hannah Arendt, katika kitabu chake The Human Condition cha mwaka 1958, alitofautisha kazi inayoacha kitu cha kudumu, kama meza au jengo, na kazi ya kuendesha uhai, ambayo matunda yake hutumika papo hapo na kesho yake huanza upya. Sufuria ya pilau ya sikukuu iko upande huu wa pili. Ukoko umeshika chini, umelowekwa tangu mchana na bado haujaachia. Unakwanguliwa kwa kijiko, masizi yanasuguliwa kwa jivu na kipande cha kumbi la nazi, sufuria inasuuzwa na kufudikizwa ikauke. Idi pili inarudi jikoni. Aliyeisugua hana cha kuonyesha, ingawa walau kwa usiku mmoja sufuria inang'aa na mwenye macho anaiona. Kimya hakina hata huo usiku mmoja. Kikifanikiwa, hakuna anayetambua kwamba kuna mtu amefanya jambo.

Ugumu huu umewahi kufika mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama, ndoa inapovunjika, itazame mchango wa kila mmoja katika mali kwa fedha, kwa vitu au kwa kazi. Je, kupika na kulea ni mchango? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilijibu kwamba ndiyo, kazi za mke nyumbani zinahesabika. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, maana mahakama iliona kwamba fungu lake alikwisha lipata na kulitumia vibaya, lakini kanuni ilisimama. Naiheshimu sana hukumu ile. Linalonihuzunisha ni saa iliyotolewa: ndoa imekwisha kufa, watu wanagawana, ndipo kazi ya miaka inapopata jina. Majaji wanaweza kukadiria mchango. Hawawezi kumkalisha kitini mtu aliyechoka jioni ya leo.

Basi tugawane kazi, wengi watasema, na iwe kwa zamu: leo wewe vyombo, kesho mimi. Ni jibu jema, na nyumba inayofika hapo imepiga hatua. Ila zamu hugawa mikono, nami najiuliza kama inagawa pia dhima. Kwa dhima nakusudia hali ya kuwa wewe ndiye utakayeulizwa jambo lisipofanyika. Mume aliyeambiwa "leo vyombo vyako", akaviosha vizuri, ameifanya kazi. Aliyekumbuka kwamba sabuni imekwisha, kwamba masinia yaliazimwa kwa jirani na yanatakiwa kurudi, kwamba mtoto mdogo akikosa usingizi wa mchana jioni yake itakuwa vilio, ni mwingine. Kichwa cha huyo mwingine hakina zamu. Agizo la kuwanyamazisha watoto linapita kwake kwa sababu hiyo: wote wameshakubaliana, bila kikao, kwamba kelele za watoto zitaulizwa kwake.

Na kelele je, ni kosa? Mchi unapotwanga kwenye kinu nyumba nzima inatikisika, wala hakuna anayelalamika, kwa kuwa tunajua chakula kinakuja. Pikipiki ile ile ya plastiki ilipokuwa Mnazi Mmoja ilikuwa sikukuu. Ilipovuka kizingiti ikawa kero. Kelele basi ni sauti ambayo msikiaji hajaipa nafasi katika shughuli zake, na mwenye kutoa nafasi hizo ndiye mwenye nyumba. Mtoto hana nafasi ya kugawa. Anaamuliwa ale nini, avae nini, alale saa ngapi. Anapopuliza firimbi na vichwa vya wakubwa vikageuka, amegundua kwamba pumzi yake inaweza kubadili kitu. Sioni namna ya kumlaumu kwa kuurudia ugunduzi huo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, katika kifungu cha 31 unataja mapumziko na michezo pamoja. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 lilikwisha mpa kila mtu haki ya kupumzika. Kwenye karatasi haki hizi zinakaa bega kwa bega. Kwenye vyumba viwili zinasukumana.

Nisimdharau aliyechoka. Dereva wa daladala aliyeshinda katikati ya honi tangu alfajiri anastahili utulivu, na kichwa chake kinauma kweli. Ninachouliza ni hiki: aliyekuwa ndani ya firimbi hizo tangu asubuhi, yeye anazisikia kidogo zaidi? Tunadhani mazoea yamempunguzia mzigo, wakati mazoea yamemfundisha tu kutoonyesha uso. Kuna baba wengine, watu wema, huchukua watoto wote na mavuvuzela yao wakaenda uwanjani, na nyumba ikatulia. Nilidhani hilo linatosha, mpaka nilipofikiri nani amebaki ndani, na pamoja na nini. Amebaki na vyombo. Amepata kimya bila mapumziko. Mapumziko, nijuavyo mimi, ni muda ambao hakuna anayekutazamia ufanye lolote, hata kukumbuka. Kumpa mtu muda huo ni kuichukua dhima yake yote kwa saa hizo, kelele na sufuria kwa pamoja, naye awe huru kutoka, kulala, au kukaa barazani na shoga zake.

Mgawanyo huu hauanzi kwenye ndoa. Vitazame vitu vyenyewe vilivyonunuliwa kwa pesa za sikukuu. Wa kiume kanunuliwa pikipiki, bastola, vuvuzela: vitu vya kukimbia navyo na kusikika. Wa kike kanunuliwa mdoli na seti ya visufuria. Mchana huo huo, kivulini, binti wa miaka minne amemlaza mdoli mapajani, anampigapiga mgongoni, na kaka yake anapopita anamwambia kwa ukali wa mtu mzima, "Nyamaza, mtoto amelala." Hakufundishwa na mtu. Ameona. Tayari anatengeneza kimya kwa ajili ya mwingine, na anayapenda hayo mamlaka madogo aliyoyapata. Simnyang'anyi mdoli, maana kubembeleza ni ujuzi mzuri ambao kila binadamu aliwahi kuuhitaji. Ningemuita kaka yake akae hapo kivulini, apokee mdoli na visufuria, na pikipiki ampe dada yake aizungushe uani mpaka wimbo uishe.