Kicheko Kina Mwenye Kukilipia



 

Ndugu zangu, na mama zangu na dada zangu mlio nyuma ya pazia, juzi baada ya laasiri nilipita stegini hapa Gongoni nikawakuta vijana wa boda boda wameinamia simu moja, vichwa sita juu ya kioo kimoja. Wanacheka mpaka mmoja ameketi chini. Wakaniita: "Ustadhi, njoo uone hii." Nikaona. Kijana amejibanza nyuma ya ua wa makuti, ana nyoka wa mpira aliyefungwa uzi. Mzee mmoja anapita zake, kikoi kiunoni, ndoo ya samaki mkononi. Uzi ukavutwa. Mzee akaruka, ndoo ikapinduka, akaanguka, kofia ikaenda huko. Na mimi nikacheka. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nimesimama hapa kuwasuta wengine. Nilicheka kwanza, kukumbuka kukaja baadaye.

Nilichokumbuka ni habari aliyoipokea Abu Dawud. Masahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), mmoja wao akalala. Mwenzake akaiendea kamba aliyokuwa nayo yule aliyelala, akaichukua, mwenyewe akashituka kwa hofu. Bwana Mtume akawaambia kwamba si halali kwa Mwislamu kumtia hofu Mwislamu mwenzake. Kamba tu, jamani. Hakukuwa na nyoka wala samaki kumwagika. Yule mzee wa kwenye simu alipoteza kitoweo cha siku ile, na katika sisi wote tuliocheka hakuna aliyemrudishia hata dagaa mmoja.

Basi swali langu leo ni hilo tu. Kicheko kikishatoka, nani anakilipia?

Msinielewe vibaya, sikuja kuharamisha kucheka. Katika Sura An-Najm Mwenyezi Mungu anatuambia kwamba Yeye ndiye achekeshaye na alizaye, na kucheka kumetajwa mwanzo. Nabii Suleiman, pamoja na ufalme wake wote, alitabasamu akacheka kwa maneno ya chungu. Na Bwana wetu Mtume alikuwa na mizaha, ila hakusema ndani yake isipokuwa kweli. Mnakijua kisa cha bibi kizee aliyemwomba amwombee Pepo. Mtume akamwambia kwamba Peponi haingii kizee. Bibi akageuka analia. Mtume hakumwacha afike mbali na machozi yake, alituma aambiwe kwamba hataingia akiwa mzee, kwani Mwenyezi Mungu atawaumba wanawake wa Peponi upya wakiwa vijana. Mzaha ulidumu kitambo kidogo, na mwisho wake yule bibi alikuwa na habari njema kuliko aliyokuja kuiomba.

Na kulikuwa na sahaba mmoja, Nuayman, huyu alikuwa mcheshi wa Madina khasa. Imepokewa kwamba kikiingia mjini kitu kizuri, alikichukua kwa mwenye nacho akampelekea Mtume akisema ni zawadi. Mwenye mali akija kudai, Nuayman humshika mkono akampeleka kwa Mtume: mlipe mtu huyu thamani ya kitu chake. Mtume humuuliza, si ulinipa zawadi? Naye hujibu kwamba alitamani sana Mtume akile, ila yeye pesa hana. Mtume hucheka, na hulipa. Tazameni hesabu ya mzaha ule: muuzaji kapata chake, aliyekula kala, na aliyelipa ndiye aliyecheka. Hakuna aliyerudi nyumbani na donge kooni.

Sasa kuna kijana wetu hapa, sitamtaja, ana kipaji. Anataka kwenda Mombasa apande jukwaani peke yake na maikrofoni, hana ngoma wala mwenzake wa kuigiza naye, asimame achekeshe ukumbi mzima. Babake kakasirika. Kijana kanijia kuniuliza kama ni haramu. Mimi si mufti, na wako wanavyuoni wanaolibana jambo hili kwa haki, maana Mtume amemwonya mara tatu kwa ole yule anayesema uongo ili watu wacheke. Lakini kabla ya kumjibu nilitaka ajue anashika kitu gani mkononi. Wengi wanadhani ni kitu chepesi.

Nikamsimulia Kashasha. Ni kijiji karibu na Bukoba, nchi ya Tanganyika wakati ule, na kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana ya misheni. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka, wakashindwa kujizuia. Kicheko kikaenda kwa mwingine, na mwingine, mpaka kikawapata 95 kati ya wanafunzi 159. Wengine kiliwashika kwa saa nzima nzima, kikiwaacha na kurudi siku kadhaa, na kilio ndani yake. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana wakarudi kwao, na kicheko wakarudi nacho. Katika kijiji cha Nshamba kikawashika watu 217. Madaktari walipima, ugonjwa wa mwilini hawakuuona. Waliolichunguza jambo hili baadaye walisema ni dhiki ya nafsi iliyotafuta pa kutokea. Mimi ninalolichukua ni moja: kicheko kinaambukiza kuliko mafua, na anayecheka si lazima awe na furaha.

Ndiyo maana mwenye kuweza kuchekesha ana nguvu. Sisi tuliokua na televisheni moja mtaa mzima tunamkumbuka Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, akazungumza kama Mjaluo miaka na miaka mpaka alipofariki Julai 2015, na Wajaluo wakampenda. Nimejiuliza kwa nini hakuudhi. Naona ni kwa sababu mjinga wa kisa alikuwa ni yeye Ojwang mwenyewe. Kila akijifanya mjanja, aibu inamrudia. Alilipa mwenyewe. Mchekeshaji Majuto wa Tanga, Amri Athumani, Mola amrehemu, naye alikuwa hivyo hivyo. Alipofariki hospitali ya Muhimbili Agosti 2018, huku kwetu watu walimwombea dua kama jamaa yao. Na wale vijana watatu wa kundi la vichekesho la Redykyulass, mwishoni mwa miaka ya 1990, walimwiga Rais Moi kwenye televisheni wakati ambapo watu walikuwa wakinong'ona jina lake. Huyo kama ni kulipa, alikuwa nacho cha kulipia. (Mmoja wao, John Kiarie, aliingia bungeni mwaka 2017. Zamu ya kuigwa ni yake sasa.)

Lakini sikilizeni mzaha unaouzika zaidi Nairobi kuhusu sisi. Mpwani mvivu. Mpwani amelala chini ya mnazi anangoja nazi ianguke yenyewe. Anaburuta maneno kama anavuta jahazi. Ukumbi unaangua kicheko kabla kisa hakijaisha, kwa kuwa wamekizoea.

Simameni kesho alfajiri kwenye barabara hii ya kwenda Garsen. Mtawaona hao wavivu. Wanakwenda kwenye mabwawa ya chumvi gizani, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Maji ya bahari yameachwa juani mpaka yakaondoka yakabakisha chumvi, nao wanaikwangua, wanaibeba, wanailundika hata ikawa vile vilima vyeupe mnavyoviona mkiwa ndani ya matatu. Jua linawachoma juu na linawachoma tena kutoka chini, kwa mng'aro. Tazameni nyayo za mtu aliyefanya kazi ile miaka kumi. Zimepasuka kama udongo wa kiangazi, na kila mpasuko unaingia chumvi. Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya inatoka huku. Yule mchekeshaji akitoka jukwaani akala mchuzi wake, ameukoleza mvivu wa Gongoni.

Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja Malindi kuwasikiliza watu wa Magarini, sehemu yetu hii, juu ya mambo ya chumvi, na moja ya malalamiko lilikuwa visima kugeuka maji ya chumvi. Mtu hakuchukua gunia akamimina kisimani. Chumvi ilipenya chini kwa chini, na siku moja mama akateka, akaonja, akatema. Mzaha wa mvivu nao umepenya hivyo. Kijana wetu akienda kuomba kazi bara, anakuta mzaha umefika kabla yake na umekalia kiti.

Na sisi tusijitakase. Humu humu msikitini, ndugu yetu wa Kigiriama aliyesilimu mwaka jana akisoma Fatiha na ulimi wake wa nyumbani, kuna wanaobinyana. Nimewaona. Sura Al-Hujurat imewakataza wanaume kuwadharau wanaume na wanawake kuwadharau wanawake, kwani huenda anayechekwa akawa ndiye bora. Abdullahi bin Masud alipanda mti kukata mswaki, upepo ukaipeperusha nguo yake, masahaba wakaona miguu yake ilivyo myembamba, wakacheka. Mtume akawauliza wanacheka nini. Walipomwambia, akaapa kwamba miguu ile katika mizani ni mizito kuliko jabali la Uhud. Tangu nilipokisoma kisa hicho, nikiona nyayo za watu wa chumvi zinapanda ngazi za msikiti huu, huwa nainamisha macho.

Nilimwambia yule kijana mwenye kipaji aende. Achukue visa vyake, na kila kisa akiseme kwanza mbele ya yule anayesemwa ndani yake, au mbele ya mamake mtu huyo. Kikichekwa hapo, apande nacho jukwaani. Babake hakuridhika na jibu langu, na ana haki yake.

Limebaki langu. Miaka mingi nyuma nikifundisha chuo, nilikuwa na mwanafunzi mwenye kigugumizi. Herufi ya qaf ilikuwa mlima kwake. Siku moja akiwa amekwama kwenye "Qul", mimi mwalimu wake nikamwiga, mara tatu, nne, na shingo nikainyoosha kama yeye. Chuo kizima kikacheka. Nikajiona hodari. Yeye alifunga juzuu yake polepole, akaiweka juu ya rehali, akatazama mkeka. Jumamosi hakuja, wala Jumapili, wala tena. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha kwamba anayeisoma Qur'ani kwa taabu, akikwamakwama, ana ujira mara mbili.

Nawaomba, tukitoka hapa, aliye na mtu wake ambaye kwa mgongo wake aliwachekesha wengine amfuate leo, kabla jua halijazama, amwombe radhi. Wangu nimemtafuta katika safu tangu nilipopanda mimbari, sikumwona. Nimeambiwa yuko zamuni kwenye chumvi. Wanatoka saa kumi na moja. Nitamngojea langoni.