Maji ya Mara na Vidonge vya Presha

Somo: Kutoka 15:22-27

  

Mwezi huu tuna neno juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalibeba kimya kimya: dawa za presha na za moyo, na taabu ambazo dawa hizo zinaleta mwilini. Lakini kabla ya kufundisha, inatupasa kutubu.

Mwaka jana mama mmoja mjane wa kanisa letu alisimama wakati wa ushuhuda. Alisema ameacha vidonge vya presha, Mungu amemponya, hatavimeza tena. Tulipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele, ngoma ikalia, mhubiri akaongeza Amina juu ya Amina. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza swali. Baada ya miezi miwili hivi alianguka kwenye foleni ya maji, na dumu lake bado halijajaa. Ilikuwa kiharusi. Mkono na mguu wa kuume vililegea, na maneno yakawa mazito kinywani mwake.

Alipoanza kusema tena, tulikwenda kumtembelea, naye akatueleza ukweli. Hakuacha dawa kwa sababu ya imani. Aliacha kwa sababu kidonge kimoja kilikuwa kinamwamsha usiku mara tatu, mara nne, kwenda haja ndogo. Choo kiko mbali na nyumba, hakuna taa, naye ni mwanamke anayeishi peke yake na wajukuu. Sisi sote tunajua mambo yanayoweza kumpata mwanamke njiani usiku. Aliambiwa ameze dawa baada ya chakula, na tangu mgao ulipopungua wanakula mara moja tu, jioni. Basi alikuwa anameza jioni. Kwa nini hakusema kliniki? Alituambia: muuguzi alikuwa kijana wa umri wa mwanawe, na mkalimani alikuwa jirani yake. Aliona aibu. Hata kanisani aliona aibu, ndipo akalipa jambo hilo jina la imani, kwa maana jina hilo sisi tunalipenda.

Muuguzi aliposikia habari hiyo alisema kidonge kile kinaweza kumezwa asubuhi. Neno moja tu! Tulimpigia makofi mama yetu mahali ambapo tungemwuliza, "Mama, dawa inakusumbua wapi?" Leo anatembea kwa fimbo. Ametupa ruhusa tuandike haya bila kutaja jina lake, ili mwingine asianguke. Tunamwomba Mungu atusamehe, naye mama tumemwomba msamaha mbele ya kanisa.

WALISEMA MAJI NI MACHUNGU

Sasa tusome habari za Israeli. Wamevuka Bahari ya Shamu, wameimba wimbo wa ushindi, wanawake wamecheza kwa matari. Ni watu waliokimbia, kama sisi. Wanatembea siku 3 katika jangwa la Shuri bila maji. Wanafika Mara, wanaona maji, wanashindwa kuyanywa kwa sababu ni machungu. Fikirini watoto walioona maji kwa mbali wakakimbia, kisha wakayatema.

Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, uchungu ulikuwa wa kweli. Biblia haisemi kwamba watu waliwaza tu. Maji yalikuwa machungu. Vivyo hivyo mtu anayesema dawa inamletea kikohozi au uchovu, mara nyingi anasema kweli. Tusimwambie, "Huna imani," wala, "Unapenda kulalamika."

Pili, walisema. Ni kweli walimnung'unikia Musa, na manung'uniko si tabia njema. Lakini kama wangeyatema maji kwa siri na kulala na kiu, wangekufa kimya. Musa naye alilichukua neno lao akamlilia Bwana. Kilio kilifika mahali pake.

Tatu, Mungu hakuwaambia warudi Misri, wala hakuwaambia wakae bila maji ili waonyeshe imani yao. Alimwonyesha Musa mti. Musa akautupa majini, na maji yale yale yakanyweka. Kisha, hapo hapo Mara, katika mstari wa 26, Mungu alijitambulisha kwa watu wake kuwa ndiye anayewaponya. Wapendwa, tulitafakari jambo hili. Mungu alijiita Mponyaji mahali ambapo alikuwa ametumia mti. Aliyeuonyesha mti hakuona haya kuutumia.

Miti na majani bado yanatumika. Mwaka 1785 daktari mmoja wa Uingereza, William Withering, aliandika kitabu juu ya jani la ua ambalo watu wa vijijini walilitumia kutibu mwili uliovimba maji. Kutoka katika jamii ya ua hilo dunia ilipata dijoksini, ambayo wagonjwa wengine wa moyo wanaimeza hata leo. Jani hilo hilo likizidi kipimo ni sumu: mtu hutapika, huona rangi isivyo kawaida, moyo huenda vibaya. Kwa hiyo kipimo si jambo dogo. Dawa inayosaidia na dawa inayodhuru zinaweza kuwa kitu kimoja, tofauti ikiwa ni kiasi, saa na mwili wa mtu.

UCHUNGU TUNAOUJUA

Tumeongea na wahudumu wa afya walio washirika wenzetu, nao wametusaidia kuandika haya. Msiyatumie kujitibu. Yatumieni ili mjue la kusema mkifika kliniki.

Amlodipini na nifedipini zinaweza kuvimbisha miguu kwenye vifundo, kuuma kichwa na kuleta joto usoni. Wengine wakiona miguu imevimba husema wamerogwa. Si uchawi. Lakini mwonyeshe daktari, kwa kuwa moyo na figo zikiugua pia huvimbisha miguu.

Kaptoprili na enalaprili zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichokoma. Ndugu mmoja alikimbiwa na majirani wakidhani ana kifua kikuu. Daktari akimpima mgonjwa na kuona ni dawa, anaweza kumbadilishia nyingine, kama losartani. Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba ghafula, usingoje asubuhi wala usingoje maombi yaishe: kimbia hospitali saa ile ile, nasi tutaomba njiani. Dawa hizi, pamoja na losartani, hazifai kwa mwanamke mwenye mimba. Dada, ukiona umepata mimba, au unatumaini kupata, mwambie muuguzi mapema.

Haidroklorothiazidi na furosemidi zinatoa maji mwilini. Zinaleta haja ndogo mara nyingi, kiu, na wakati mwingine misuli kukaza usiku. Uliza kama unaweza kumeza yako asubuhi.

Atenololi na propranololi zinaweza kuleta uchovu, mikono baridi na mapigo ya moyo ya polepole. Mwenye pumu lazima aseme kabla ya kupewa. Na dawa hizi zikiachwa ghafula, moyo unaweza kupata hatari kubwa. Usiziache hata wiki moja bila daktari.

Karibu dawa zote za presha zinaweza kuleta kizunguzungu. Ukiamka, keti kwanza kando ya kitanda, kisha simama polepole. Akina mama wanaoinama shambani na kuinuka na jembe, angalieni sana.

Na sasa wanaume, tuseme bila kuficha. Baadhi ya dawa hizi zinaweza kupunguza nguvu za kiume. Presha yenyewe pia inaweza, hata kwa mtu asiyemeza kidonge. Tumeona nyumba zikiingia ugomvi, mume akimshuku mke, mke akimshuku mume, kumbe ni jambo la kupelekwa kwa daktari. Baba, hiyo si aibu ya kuficha mpaka uanguke. Mwambie mke wako, kisha mwambie daktari. Kuna njia ya kubadilisha.

USIMWAGE MAJI

Presha inadanganya, kwa sababu mara nyingi haiumi. Mtu anaacha dawa, kizunguzungu kinaisha, kikohozi kinaisha, anajisikia vizuri kuliko jana, anasema amepona. Wakati huo huo presha inapanda bila kelele. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba kati ya watu 5 wenye presha, 4 hivi hawajatibiwa ipasavyo. Hatuko peke yetu katika shida hii, lakini tusikubali kubaki ndani yake.

Kwa hiyo tunawasihi. Dawa ikikusumbua, usiimwage, na usinyamaze. Nenda na daftari lako la matibabu. Sema dawa gani, unaimeza saa ngapi, inakusumbua namna gani, tangu lini. Ukiona aibu kwa mkalimani, omba mwingine. Usipokee vidonge vya jirani kwa sababu vyake havimsumbui, maana mwili wake si wako. Usinunue diklofenaki dukani kila mgongo ukiuma, kwa sababu inaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Rudi kliniki kabla dawa hazijaisha, kwa kuwa siku nyingine utakuta hazipo. Na makayabu tuliyoyazoea nyumbani, pamoja na chumvi tunayomimina katika maharage, tuvipunguze. Kijiko kimoja kidogo cha chumvi kwa siku kinatosha mtu mzima, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula.

Juu ya kufunga: mwenye dawa za presha au za moyo asiingie katika maombi ya kufunga kabla ya kuongea na muuguzi. Kufunga bila maji pamoja na kidonge cha kutoa maji kunaweza kumwangusha mtu. Atakayekula uji ameze dawa yake yumo katika maombi sawa na sisi, na hakuna atakayehesabiwa dhambi.

Tunajua wengine watauliza: je, Mungu haponyi siku hizi? Anaponya! Tumeona, na tutaendelea kuomba na kuwekea wagonjwa mikono. Lakini uponyaji hauogopi kipimo. Hezekia alipokuwa mahututi, Bwana alimwahidi miaka 15, na Isaya aliyeleta ahadi hiyo ndiye aliyesema waweke mkate wa tini juu ya jipu (2 Wafalme 20). Ahadi na tini viliingia chumba kimoja. Anayeamini amepona aende apimwe. Daktari akisema punguza, tutapiga vigelegele. Akisema endelea, tutamshukuru Mungu kwa dawa.

Tunajua pia kwamba kuna uchungu usioondoka. Daktari amebadilisha mara mbili, mara tatu, na bado miguu ni mizito, bado mchana ni mrefu. Paulo aliomba mara 3 mwiba uondolewe, akaambiwa kwamba neema inamtosha (2 Wakorintho 12). Hakuitwa mtu asiye na imani. Ndugu unayemeza kila siku kitu kinachokuchosha ili uwaone watoto wako wakikua, tunataka ujue kwamba hiyo nayo ni imani. Unaifanya kila asubuhi kwa kikombe cha maji, na hakuna anayekupigia makofi. Mungu anaona.

TULILOAMUA

Tangu sasa, mtu akishuhudia kwamba ameacha dawa, wazee watakaa naye baada ya ibada na kumwuliza kwa upole: umepimwa lini, na dawa ilikuwa inakusumbua wapi? Mama wawili na baba wawili wamekubali kuwasindikiza wagonjwa kliniki, mama kwa mama, baba kwa baba, nao wameahidi kutunza siri. Majirani wa wajane tunawaomba wasindikize kwa tochi anayehitaji kutoka usiku. Wahubiri, nasi tukiwamo, hatutamwambia mtu yeyote atupe dawa zake.

Baada ya Mara, Israeli walifika Elimu, penye chemchemi 12 na mitende 70. Mara haikuwa mwisho wa safari. Lakini hawakufika Elimu kwa kufa na kiu njiani. Walikunywa, wakainuka, wakaenda.

Ee Bwana uliyemwonyesha Musa mti, wafumbue macho waganga wetu waone la kubadilisha. Tupe ulimi wa kusema taabu zetu bila aibu, na sikio la kusikiliza taabu za wengine. Mshike mkono mama yetu anayetembea kwa fimbo. Utufikishe Elimu sote, asibaki mtu jangwani. Amina.

Sisi ndugu zenu wa kamati ya wagonjwa na wazee wa kanisa.