Kila Mtu na Fungu Lake: Je, Kuridhika ni Kunyamaza?



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kuna neno tunalolisikia sana kwenye darsa na hata bwenini: kila mtu amepewa neema yake, basi aridhike nayo. Neno hili ni la kweli. Lakini mara nyingi aliyeshiba ndiye anayemwambia mwenye njaa, na hapo linageuka kuwa chungu. Kwa hiyo nauliza: je, kushukuru fungu ulilopewa ni sawa na kukubali kila pengo lililopo baina ya watu?

Nianze na mahali ninapopafahamu. Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika. Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika takriban mita 770. Maji huteremka karibu mita 700 katika safari isiyofika kilomita 150. Mteremko huo ndio uliowezesha kujengwa kituo cha umeme cha Rusizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989. Lau maziwa hayo mawili yangekuwa kimo kimoja, mto usingetiririka wala mitambo isingezunguka. Tofauti ambayo mtu angeiita upendeleo ndiyo iliyobeba manufaa.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa aya ya 32 ya Suratuz-Zukhruf. Allah anatufundisha humo kwamba Yeye ndiye aliyewagawia watu maisha yao ya dunia na kuwainua baadhi juu ya wengine kwa daraja, ili wapate kutumikiana. Tusisahau aya hiyo iliwajibu nani. Washirikina walitaka Qur'an iteremshiwe mkubwa mmoja katika miji miwili, kana kwamba mali ni cheo mbele ya Mola. Aya ikawavunjia dhana hiyo. Daraja zipo ili watu wahitajiane, na rehema ya Mola ni bora kuliko vyote wanavyokusanya.

Kuhitajiana huko nilikuona kwa macho pale mpakani Rusizi II, nikielekea Bukavu kwa shangazi yangu. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya alinipa karatasi akasema, "Mwanangu, wewe Mungu amekupa macho ya karatasi. Nisomee hii." Nikamsomea. Kisha akaanza kuhesabu deni lake kwa faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola, bila kalamu wala simu. Alimaliza nami nikiwa bado natafuta kikokotoo. Nilimsomea kwa neema yangu, akanifundisha kwa yake.

Kama angeishia hapo, makala hii ingekuwa fupi. Lakini aliongeza kwamba aliacha shule darasa la pili, kwa sababu karo ilitosha kaka zake tu. Sasa tuseme nini? Akili ile ya hesabu ni kipaji kutoka kwa Allah, hilo halina ubishi. Je, kutojua kusoma nako ni fungu alilogawiwa? Tunaamini kwamba hakuna linalotokea nje ya kadari. Lakini kadari haimwondolei mwanadamu dhima ya alichokifanya au alichokizuia. Aliyezuia haki ya mwenzake hawezi kumwambia, "Ridhika, ndivyo Mungu alivyokugawia."

Tazameni aya ya 32 ya Suratun-Nisaa. Inatukataza kutamani yale ambayo Allah amewafadhilisha baadhi yetu kuliko wengine. Hapohapo inathibitisha kwamba wanaume wana fungu katika walichochuma na wanawake wana fungu katika walichochuma, kisha inatuamuru tumuombe Allah fadhila zake. Inafunga mlango wa husuda, na mlango wa kutafuta na kuomba unabaki wazi. Haimwamuru mtu kunyamaza.

Kipimo ninachokiona ni hiki. Tofauti ya neema huwafanya watu wahitajiane kwa pande zote mbili, kama mimi na mama yule. Pengo la dhuluma hunufaisha upande mmoja tu. La kwanza tulishukuru, la pili tulirekebishe.

Kituo cha Rusizi II chenyewe kinatupa mfano. Kampuni inayokiendesha, SINELAC, ni ya nchi tatu: Rwanda, Burundi na Kongo. Burundi haina ukingo wa mto mahali pale, lakini ina fungu lake katika umeme. Neema iliwekwa sehemu moja, haki ikaenea zaidi ya sehemu hiyo. Hata hivyo, si kila nyumba inayopitiwa na nyaya ina taa. Kugawa ni kazi isiyokwisha.

Imamu Ghazali katika Ihya ameeleza kuwa shukrani ina nguzo tatu: elimu, hali na amali. Ujue neema imetoka kwa nani, moyo umfurahie Mwenye kuitoa, kisha uitumie katika anachokiridhia. Wengi wetu tunaishia kwenye Alhamdulillah ya ulimi. Katika hadithi mashuhuri ya mwenye mbaranga, mwenye kipara na kipofu, wote watatu waliponywa na kupewa mali. Malaika aliporudi kwa sura ya masikini, wawili walidai mali ni urithi wa mababu. Aliyekuwa kipofu peke yake alikumbuka upofu wake, akamwachia achukue atakacho. Shukrani yake ilionekana mkononi.

Na Mtume (S.A.W.) aliporuhusu tutamani kuwa kama wenzetu, alitaja watu wawili: aliyepewa mali akaitoa katika haki, na aliyepewa hekima akahukumu kwayo na kuifundisha. Wote wawili wanasifiwa kwa walichokitoa.

Basi, mwanafunzi mwenzangu, usipoteze muda kupima neema yako kwa ya jirani wa bwenini. Jiulize ni nani anayeisubiri. Tuliojaaliwa macho ya karatasi tunaweza kutenga saa moja kwa juma kuwafundisha kusoma akina mama wa mtaani kwetu. Hiyo ni sehemu ya fungu lao lililowekwa mikononi mwetu.

Allah atujaalie tuwe wenye kushukuru kwa moyo, ulimi na viungo. Wabillahi tawfiq.