Nyumba ya Bao na Nyumba ya Mtu

Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji ana shimo liitwalo nyumba. Wakati wa namua, mchezaji akila na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani mwake, ana hiari: alale, ailinde akiba yake, au azichote kete zote aende safari. Akikawia, mpinzani huila nyumba ikiwa imenona. Akiharakisha, hubaki mtupu. Hekima i katika kuutambua wakati. Lakini hiari hiyo ni ya nani?

Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waligeuza mapori ya Mpanda, Katavi ya leo, kuwa mashamba: Katumba tangu 1973, Mishamo tangu 1978. Uraia wa watu zaidi ya 160,000, pamoja na wenzao wa Ulyankulu, ulipokubaliwa mwaka 2010, walitakiwa kwanza wahame, watawanyike mikoani. Hoja ya umoja wa taifa si ya kubezwa, kwani nyumba isiyosafiri kamwe haiujengi mchezo. Hata hivyo, baoni safari huamuliwa na mwenye nyumba. Sharti hilo likaachwa baadaye, wakaruhusiwa kubaki. Ahamaye kwa hiari yake amesafiri. Ahamishwaye kwa amri ameliwa.