Kujihami na Kulipiza Kisasi

Ndugu msomaji, mtu akikushambulia, je, yafaa kumpiga? Yafaa bila ya shaka, kwani nafsi ni amana. Lakini haki hiyo ina mpaka wake, na wengi huuvuka bila ya kujua.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 17, yarejesha suala la kujihami, nafsi au mali, kwenye misingi ya sheria ya Kiingereza. Misingi hiyo, kama ilivyoelezwa katika kesi ya Palmer, haimtaki mwenye kushambuliwa apime pigo lake kwa mizani ya sonara. Na ushahidi ukionyesha kuwa huenda alijihami, ni juu ya upande wa mashtaka kulibatilisha dai lake. Ila hatari ikiondoka, ruhusa nayo huondoka. Aliyekwisha anguka na kupokonywa panga, kumpiga tena si kujihami, ni kulipiza kisasi. Mafakihi wetu nao wamesema: mshambuliaji azuiwe kwa lililo jepesi kwanza.

Hapa Molo yalipita machafuko ya 1992 na ya 2008. Aliyesimama mlangoni kulinda wanawe ana udhuru. Lakini aliyekwenda kesho yake kuchoma nyumba ya jirani asiye na hatia, naye akasema anajihami, udhuru wake ni upi? Jina ni moja, matendo ni mawili.

Basi na tujiulize wenyewe kabla ya kuulizwa na hakimu: palikuwa na hatari, au palikuwa na hasira tu?